Kabla hujamkabidhi fundi bastola ya baba

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mfanyabiashara wa mazao hapa Nachingwea. Nina bastola ya silinda, Smith & Wesson ya .38. Marehemu baba aliinunua kwa meneja wa shamba la mkonge kule Lindi, na baada ya msiba nilifuata taratibu zote polisi mpaka leseni ikatoka kwa jina langu. Mtutu wake ni mfupi, kama inchi mbili na nusu, na chini ya mpini kuna pete ya kufungia kamba. Natumia risasi za .38 Special. Kifyatulio ni kigumu, mpini umepasuka, na nyundo inanasa kwenye shati ninapoitoa. Nimepata fundi wa kujitegemea, ana kibali na anasifiwa sana. Nataka alainishe kifyatulio, akate pembe ya nyundo, aipige kromu isishike kutu, na mpini nichongewe wa mpingo na Mmakonde mmoja ninayemfahamu. Ningependa iwe tayari kabla minada ya korosho haijaanza. Je, ni kazi ya maana au natupa hela? Na fundi nimwambie nini? Nyongeza ndogo: nikipiga risasi maganda hutoka kwa tabu, yamevimba upande wa chini, na mawili yamepasuka. Nadhani ni risasi za zamani.

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mzee, na umefanya vizuri kuifuatilia leseni mpaka mwisho, maana wapo wanaorithi silaha wakaificha uvunguni na mambo yakaishia pabaya.

Naomba tuanzie mwisho wa swali lako. Hiyo uliyoiita nyongeza ndogo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko hayo mengine yote. Usiifyatue tena bastola hiyo, hata risasi moja, mpaka ipimwe na mtu mwenye vipimo. Risasi iliyokaa miaka mingi inaweza kupasua ganda, ni kweli, lakini kwa kawaida hupasukia mdomoni, pale ganda linapokibana kichwa cha risasi. Ganda likivimba chini, karibu na kitako chake, na likavimba hivyo kila unapopiga, tatizo liko kwenye chemba, yaani tundu la silinda ambamo risasi hulala.

Kwa maelezo yako, pete ya kamba, mtutu mfupi, asili yake ya shamba la mkonge, naona dalili zote za bastola ya Vita Kuu ya Pili. Smith & Wesson ilitengeneza zaidi ya nusu milioni ya bastola hizi kwa ajili ya Uingereza na majeshi ya makoloni yake, na zile za kuanzia 1942 zenye herufi V mbele ya namba huitwa Victory. Igeuze utazame chini ya mpini, namba ya silaha imepigwa hapo. Kisha soma ubavu wa kulia wa mtutu. Ukikuta maandishi 38 S&W CTG, au kipande chake kilichobaki baada ya mtutu kukatwa, basi tumeshaipata. Na kama imewahi kupita Uingereza baada ya vita itakuwa na alama ndogo ndogo za ukaguzi wa London au Birmingham, na kati ya hizo unaweza kukuta .767, ambao ni urefu wa ganda kwa inchi.

Sasa sikiliza kwa makini. Bastola hizi zilizoundwa kwa ajili ya Waingereza hazikutengenezwa kwa .38 Special. Zilitengenezwa kwa risasi ya jeshi lao, .38/200, ambayo ganda lake ni lile la .38 S&W. Watu huziona zote ".38" wakadhani ni ndugu wa tumbo moja. Ganda la .38 S&W lina kipenyo cha takriban milimita 9.8 na urefu usiofika milimita 20. Ganda la .38 Special lina kipenyo cha milimita 9.6 na urefu wa milimita 29.3. Ni jembamba zaidi, na ni refu zaidi kwa karibu sentimita nzima. Kwenye chemba ya kiwandani ya Mwingereza, .38 Special haiingii ikaisha, inabaki imejitokeza nje na silinda haifungi.

Yako inafunga. Maana yake kuna mtu alishaifungulia njia.

Vita vilipokwisha, bastola hizi zilimwagwa sokoni kwa bei ya kutupa. Wafanyabiashara wa Uingereza na wa Marekani walizinunua kwa wingi. Risasi ya .38 S&W ilikuwa haina soko, .38 Special ilikuwa kila duka, basi wakazipekecha chemba ziwe ndefu. Mitutu ya inchi tano wakaikata ikawa mifupi ya kubebeka mfukoni, wakaunga kilengeo kipya mbele, nyingine wakazipiga nikeli, wakaziuza kama mali mpya. Kwa hiyo kabla hujaamua fundi wa leo afanye nini, jua kwamba bastola ya baba yako, kwa dalili hizi, ilishapita mikononi mwa fundi miaka mingi kabla yako, na yule hakuwa akimfikiria atakayeipiga.

Kupekecha kunaongeza nafasi, hakupunguzi. Sehemu ya nyuma ya chemba iliyokuwa pana kwa ajili ya ganda nene ilibaki pana vile vile, wao walichimba tu mbele ili ganda refu lipate pa kulala. Ukiweka .38 Special humo, kitako cha ganda kinazungukwa na uwazi. Baruti ikiwaka, shaba ya ganda inasukumwa nje kutafuta ukuta wa chemba. Mara nyingi inaufikia ikavimba na kubaki hivyo, ndiyo maana yanagoma kutoka. Mara nyingine inachanika kabla haijaufikia, na gesi ya moto hurudi nyuma, kwenye mkono wako na uso wako. Chuma cha silinda yenyewe hakina ubaya, Smith & Wesson ilitengeneza bastola za .38 Special kwa bodi (kiunzi cha bastola) ile ile. Kinachokusaliti ni ganda. Isitoshe, kichwa cha risasi cha .38 Special ni chembamba kuliko tundu la mtutu wako kwa karibu sehemu ya kumi ya milimita, hivyo hakishiki vizuri mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, na shabaha inatawanyika hata ukiwa na mkono wa chuma.

Kama bado una yale maganda, usiyatupe. Mpelekee fundi pamoja na risasi moja mpya ambayo haijapigwa. Kwa kalipa ya kawaida (kifaa cha kupimia unene) ataona: ganda jipya litasoma milimita 9.6 juu kidogo ya kitako, lililopigwa likisoma 9.8 au karibu yake hapana mjadala tena.

Na hapo hapo ndipo utakapomjua fundi wako. Umesema anasifiwa sana. Sifa ni jambo jema, lakini fundi wa bastola ya silinda hupimwa kwa anachofanya katika nusu saa ya kwanza. Akisikia "maganda yanavimba" halafu akaendelea kuzungumzia kromu na bei, mwage salamu uondoke. Akinyamaza, akaomba kuyaona, akayageuza geuza kwenye mwanga na kuchukua kalipa, keti chini, umepata mtu.

Mwangalie anavyoanza. Kwanza anaifungua silinda na kuhakikisha ni tupu, anatazama kwa jicho na kugusa kwa kidole chemba zote sita, hata kama umeshamwambia ni tupu. Kisha anaivuta nyundo polepole sana kwa dole gumba huku kidole cha mkono mwingine kikiigusa silinda kuizuia kidogo. Anasikiliza. Silinda inatakiwa ijifunge kwenye mwanya wake kabla nyundo haijafika nyuma, na afanye hivyo mara sita, chemba moja moja, kwa sababu chemba tano zinaweza kuwa sawa na moja ikawa inachelewa. Hiyo moja ikichelewa, risasi inaingia mtutuni kwa ubavu na kunyolewa, na vipande vya risasi vinaruka pembeni. Anaingiza fila, kibati chembamba cha kupimia uwazi, kati ya silinda na mtutu, uwazi unaopendeza ni kati ya milimita 0.10 na 0.20. Ikizidi sana gesi inapotea, ikipungua sana silinda inakwama bastola ikipata moto na masizi. Anaisukuma silinda mbele na nyuma kuona kama inacheza. Anapitisha fimbo iliyokerezwa kwa kipimo ndani ya mtutu mpaka chembani kuona kama matundu mawili yametazamana. Na yote anayaandika, mistari sita kwa chemba sita.

Tazama na bisibisi zake. Skrubu za bastola hizi zina mwanya mwembamba wenye kuta zilizonyooka, na bisibisi ya dukani yenye ncha ya kabari huziharibu. Fundi wa kweli anazo za kwake alizozisaga zijae mwanya sawasawa. Kile kifuniko cha ubavuni kinachofunika mitambo hakibanduliwi kwa kukichokonoa. Skrubu zikishatoka, unagonga bodi taratibu kwa mpini wa mbao na kifuniko kinajinyanyua chenyewe. Ukimwona mtu anakichokonoa kwa ncha ya bisibisi, chukua mali yako.

Kule Marekani, ambako kazi hii imekuwa fani kamili ya watu wanaojitegemea, mafundi wakubwa walijijengea jina kwa mwenendo huo huo. Hamilton Bowen wa Tennessee ni mmoja wao. John Linebaugh wa Wyoming, aliyepata sifa miaka ya 1980 kwa bastola za risasi kubwa kupindukia, alikuwa akiitoa silinda ya kiwandani yenye chemba sita na kukereza nyingine mpya yenye chemba tano. Ukiwa na tano, kuta kati ya chemba zinakuwa nene, na ile mianya ya nje inayofunga silinda inaangukia katikati ya chemba mbili, haikai tena juu ya ukuta mwembamba wa chemba yenyewe. Aliongeza chuma mahali nguvu ilipohitajika, na akaijenga juu ya bodi nzito ya bastola za kampuni ya Ruger. Waliopekecha bastola za vita walifanya kinyume chake, waliondoa chuma ili risasi iingie, wakaacha pale pana pabaki pana. Kazi zote mbili zinaitwa kurekebisha bastola. Wewe hakikisha unalipia ile ya kwanza.

Wateja wa mafundi kama hao husubiri foleni kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka. Kwa hiyo hilo la kuiwahi minada, nakuomba uliondoe kichwani. Minada ikianza Oktoba wewe endelea na shughuli zako, fedha zipite benki kama zinavyopita, na bastola ibaki kabatini ikiwa tupu. Usimsukume fundi kwa tarehe.

Haya, tuje kwenye matakwa yako moja moja, tukichukulia kwamba suala la chemba litapatiwa ufumbuzi, nami nitalirudia.

Kifyatulio. Bastola ya miaka themanini ikiwa na kifyatulio kigumu, mara nyingi sababu ni grisi ya zamani iliyoganda kama lami, vumbi, na kutu nyembamba ndani. Fundi aifungue, aoshe kila kipande, akaushe, atie tone la mafuta mepesi mahali panapostahili, kisha aifunge na akupe uijaribu. Unaweza kushangaa ugumu wote umekwisha. Ukibaki, hapo ndipo anachukua jiwe laini la mafuta na kusugua sehemu zinazosuguana: kile kipande kinachorudisha kifyatulio, njia yake kwenye bodi, ubavu wa nyundo. Kusugua kwenyewe ni kwa kung'arisha tu. Nyundo na kifyatulio vya zamani vimekomazwa juu juu, ngozi ngumu yenye unene mdogo sana, na chini yake chuma ni laini. Fundi mwenye papara akiitoboa ngozi hiyo, kifyatulio kitakuwa laini kama siagi kwa miezi michache, halafu ile kingo inayoshikilia nyundo italika na nyundo itaanza kujiachia yenyewe.

Mwambie hutaki springi zikatwe wala zilegezwe. Mbele ya mpini, karibu na chini, kuna skrubu ndogo inayoikaza springi kuu ya nyundo. Wapo wanaoilegeza wakamwambia mteja "nimeshalainisha", na kweli kidole kinafurahi, lakini nyundo haina tena nguvu ya kuwasha fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda, kila mara. Bastola ya kujilinda isiyowasha ni mzigo kiunoni. Kwa namna ya kuvuta moja kwa moja bila kuipandisha nyundo, kilo nne na nusu hadi tano na nusu ni uzito wa kawaida kabisa. Nyundo ikiwa imepandishwa, usikubali kushuka chini ya kilo moja na nusu hivi. Na kabla hujaipokea, bastola ikiwa tupu, ipandishe nyundo, kidole kikae mbali na kifyatulio, uisukume nyundo kwa dole gumba kutoka nyuma kwa nguvu ya wastani. Ikidondoka, mrudishie hapo hapo.

Katika kuifungua, kuna jambo jingine nataka alitazame. Mwishoni mwa 1944 baharia mmoja wa Marekani aliuawa baada ya bastola ya aina hii kuangukia sitaha ya chuma ikafyatuka yenyewe. Kizuizi cha nyundo kilichokuwemo hakikufanya kazi. Smith & Wesson ikabuni kizuizi kipya, na bastola zilizopewa kizuizi hicho zikaongezewa herufi S kwenye namba, zikawa SV. Ikiwa yako ina V peke yake, bila S, weka risasi tano, na chemba iliyo chini ya nyundo iwe tupu siku zote. Hata akikusafishia vipi, shikilia hilo.

Pembe ya nyundo mimi ningeiacha. Ukiikata umeipunguzia nyundo uzito, umepoteza uwezo wa kuipandisha kwa dole gumba, na kipande hakirudi. Akiilainisha tu kingo zake na ukanunua ala inayofunika nyundo, shati halitanaswa.

Kromu, hapana. Naelewa unakotoka. Ukishuka Lindi au Mtwara ule upepo wa bahari una chumvi, na masika unyevu unaingia mpaka ndani ya kabati. Lakini ili kromu ishike, chuma hupigwa msasa na kung'arishwa kwanza, na msasa hauchagui: unakula maandishi, unakula alama za ukaguzi, unaweza kula namba ya silaha. Namba ikififia una kesi ya jinai, na hakuna atakayeamini kwamba ulikuwa unatafuta urembo. Pili, kromu inaongeza unene, na mitambo uliyosoma hapo juu inaishi kwa vipimo vya sehemu za milimita. Tatu, zile tindikali za kuchovya zikiingia kwenye springi au vipande vilivyokomazwa, hudhoofika vikavunjika ghafla. Na kromu mbaya ikipata ufa mdogo, kutu hutambaa chini yake bila wewe kuiona. Akitaka kuipa sura, airudishie rangi ya bluu-nyeusi bila kugusa maandishi, au aache ile ya kijivu ya vita ilivyo. Kinga ya kutu ni kitambaa chenye mafuta mepesi kila unapomaliza kuishika, maana jasho la mkono lina chumvi kama bahari, na kutoilaza bastola ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa unyevu na kuukumbatia. Ala ibaki kwenye msumari, bastola ilale peke yake kwenye kabati la chuma lenye kufuli.

Sasa mpini wa mpingo. Hili nalipenda, na hapa weka fedha yako bila kujuta. Mti huu tunao wenyewe, misitu ya Kilwa na Nachingwea inaujua, na dunia inauchukua kutengeneza klarineti na zumari kwa sababu ukishakauka hautikisiki na unachongeka hadi wembamba wa kucha. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na uzito huo kwenye mpini unasaidia kutuliza teke la bastola yenye mtutu mfupi.

Ila bastola haiendi kwa mchongaji. Leseni ni yako, siyo yake, na huwezi kuiacha silaha kwenye karakana ya vinyago hata kwa saa moja. Fundi atoe mipini ya zamani, aichore bodi kwenye kipande cha bati au plaiwudi, akate umbo lake kamili, atoboe mahali pa pini ya chini na pa skrubu ya katikati, na kuandika unene unaotakiwa. Kipande hicho pamoja na mipini iliyopasuka ndivyo vinavyokwenda kwa Mmakonde. Akishachonga, fundi ndiye anayekamilisha kuipachika.

Mwambie mchongaji achukue kiini cheusi tu, aiache ile sehemu ya nje ya manjano hafifu, kwani hiyo hunywa maji na kuliwa na wadudu. Gogo liwe limekauka kweli. Mpingo hukauka polepole mno, na uliochongwa ukiwa mbichi utapasuka ufa mwembamba kuanzia kwenye tundu la skrubu. Nyuzi za mti ziende na urefu wa mpini. Upande wa kushoto juu apunguze mbao ili dole gumba lifikie kitufe cha kufungulia silinda na maganda yapite bila kugonga. Nyuma ya kinga ya kifyatulio kuna uwazi, na bastola ikiruka, kinga hiyo hugonga kidole cha kati. Mbao ijaze uwazi huo. Wachongaji wengi wanapenda kung'arisha mpingo mpaka uone uso wako. Kwenye kinyago ni sawa, kwenye mpini wa bastola mkono ukitoka jasho utateleza. Aache sura ya kati, au achonge vimistari vya msalaba pale vidole vinaposhika. Mafuta ya mti yanatosha, vanishi hapana. Na mkumbushe kufunga pua na mdomo anapopiga msasa, vumbi la mpingo huwasha ngozi na kubana kifua.

Kuhusu chemba zenyewe, ukishathibitisha kwamba zilipekechwa, una njia chache. Ya kwanza ni kuipumzisha: ibaki kumbukumbu ya baba, imesafishwa, ina mpini mzuri, haipigwi. Ya pili ni kuipatia silinda nyingine halisi ya .38 Special ya Smith & Wesson ya bodi hiyo. Inawezekana, kwa sababu bodi ni moja, lakini haichomekwi tu. Fundi atalazimika kuilinganisha na kile kidole kinachozungusha silinda, kurekebisha mchezo wa mbele na nyuma, na kupima upya kila chemba kama nilivyoeleza. Na mtutu uliokatwa bado unabaki na kasoro zake. Tazama chini yake: bastola ya kiwandani ina kinundu kinachoshika ncha ya fimbo ya kusukumia maganda. Kwenye mtutu uliofupishwa kinundu hicho mara nyingi kimeondoka, silinda imebaki imeshikwa nyuma peke yake. Kwa hiyo silinda mpya pasipo mtutu wa kufanana nayo ni kazi nusu, na ukiweka vyote viwili gharama inasogelea bei ya bastola nyingine.

Mimi kwa upande wangu, kama unaihitaji kwa kujilinda kweli, ningeipumzisha ya mzee na kuomba kibali cha bastola ya kisasa iliyotengenezwa kwa .38 Special au .357 tangu kiwandani, halafu huyo fundi hodari nimpe hiyo ailainishe kifyatulio na kuipachika mpini wa mpingo. Ila ni bastola ya baba yako, na sitakulaumu ukichagua silinda na mtutu.

Ukichagua hivyo, karatasi zitangulie chuma. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni yako imeandikwa kwa silaha hiyo mahususi. Silinda za zamani za Smith & Wesson zina namba ya silaha kwa nyuma na mitutu kwa chini, hivyo ukibadilisha vipande, namba hazitalingana tena. Nenda kwa OCD (mkuu wa polisi) wa wilaya yako kabla, umwone na maelezo ya maandishi: kazi gani inafanyika, kwa fundi yupi, itakaa kwake kuanzia lini hadi lini. Kibali cha fundi ukione kwa macho na nakala ubaki nayo. Kama karakana yake iko mkoa mwingine, ulizia utaratibu wa kuisafirisha kabla hujapanda gari. Siku ya kumwachia, andikishaneni: namba ya silaha, vipimo alivyochukua, kazi mlizokubaliana na zile ulizozikataa, na kwamba kila kipande cha zamani kitakachotolewa kitarudi mkononi mwako. Mlipe upimaji kwanza, peke yake. Mengine mtapatana ukishaona majibu.

Risasi utakazoitilia baada ya silinda kubadilishwa ziwe .38 Special za nguvu ya kawaida, kichwa cha risasi cha greni 158, yaani gramu 10 na kidogo. Pakiti ikiwa na alama ya +P, yaani risasi zenye msukumo mkubwa kuliko kawaida, mrudishie muuzaji.